Monstera 'Thai Constellation': madoa ya kudumu, mizizi dhaifu

Aina hii ya monstera, mmea wa nyumbani wenye majani makubwa yenye matundu, ilitoka maabara ya tishu (inayokuza miche kutoka vipande vidogo vya mmea) nchini Thailand, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Madoa yake ya rangi ya krimu yametawanyika mmea mzima, hivyo kila jani jipya hutoka nayo. 'Albo', monstera nyingine yenye mabaka meupe, si hivyo: ni mchanganyiko wa seli nyeupe na za kijani zilizokaa kwa pande. Ukikata kipande ambacho jicho lake (chipukizi) liko upande wa kijani, utapata monstera ya kawaida tu. Mbegu za 'Albo' zinazouzwa mtandaoni usizinunue. Weupe wake haurithishwi kwa mbegu.

Kasoro kubwa ni mizizi. Miche ya tishu mara nyingi huja ikiwa kwenye udongo wa mboji unaoshika maji, na mizizi huoza huku majani yakionekana mazima. Ichomoe, kata mizizi laini ya kahawia, kisha panda kwenye magome ya miti sehemu 2, perlaiti (punje nyeupe nyepesi za kupitisha hewa) 1 na makumbi ya nazi 1. Chungu kizidi mizizi kwa sentimita 3 hivi, si zaidi. Kikubwa mno hubaki na unyevu. Mwagilia udongo ukikauka hadi nusu ya kina.

Hukua polepole, kwa kuwa sehemu za krimu zina umbijani (klorofili) kidogo mno. Mbolea nyingi haiharakishi kitu, huunguza kingo tu. Ipe mwanga mwingi usio wa jua kali.

Kwa anayetaka mabaka bila bahati nasibu, ninaipendekeza kuliko 'Albo'.