"Si inawaka?": taa ya mtumba iliyonipiga umeme

Hasira haijanitoka mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka jana, au huu ulikuwa umeshaanza. Niliingia kwenye duka moja la vitu vya mtumba hapa Moshi, jina nalihifadhi, nikaiona taa ya kuning'inia ya shaba, mikono mitano, vioo vyote vizima. Muuzaji akaiunganisha palepale, balbu zote zikawaka. Nikatoa elfu 85. Nyumbani, mtaa wa Pasua, kijana wa jirani akaifunga, waya nyekundu kwa kahawia, nyeusi kwa bluu. Ethi, ile waya ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, hakufunga kwa sababu darini haikuwepo. Nyumba ni ya zamani, kwenye taa walipitisha waya mbili tu.

Wiki kadhaa tukaifurahia. Jumamosi moja nimetoka kupiga deki, sakafu bado mbichi, nikapanda ngazi ya chuma niifute vumbi huku inawaka ili nione vizuri. Kuishika tu, umeme ukanipiga kuanzia kiganjani hadi kifuani. Sijui nilifikaje chini. Nakumbuka mwanangu anaita "Mama! Mama!" nami siwezi kumwitikia. Na taa juu inawaka vilevile, breka ya umeme haijakata.

Nikaita fundi umeme aliyesomea. Akagusa shaba kwa tesita, kitaa chake kikawaka: shaba ina umeme. Akazima meni swichi, akaishusha na kuifungua. Waya za ndani ya mikono mitatu zilikuwa zimekauka na kupasuka kama majani makavu ya mgomba. Akanieleza kuwa zilichomwa na joto la balbu za zamani, zile za uzi, kwa miaka mingi. Ganda likibanduka, waya ya moto inalalia shaba, na taa nzima inakuwa na umeme huku inawaka vizuri kabisa. Ingekuwepo ethi, breka ingekata mara waya ilipogusa shaba. Bila ethi, umeme ulikaa pale ukisubiri mkono wa mtu. Na kiasi kinachotosha kumuua mtu ni kidogo mno kwa breka ya kawaida. Kinachokiona ni kile kifaa cha RCD kinachokata umeme ukivuja kwa miliampea 30 tu. Kwangu hakikuwepo.

Lakini kilichoniuma ni hiki. Pale waya zote zinapokutana, mtu alikuwa amezizungushia seloteipu. Seloteipu ya kufungia madaftari! Tena mpya, bado inang'aa. Kwa hiyo mtu aliifungua, akaona, akafunika, akaiweka sokoni.

Nikazibeba zile waya kwenye mfuko hadi dukani. Hakuzitazama. "Mama, si inawaka? Unataka nini tena?" Wateja wanasikiliza. Nikamwambia imenipiga, nina mtoto mdogo nyumbani. Akajibu, "Basi umeme wa kwako ndio mbovu," akarudi kwenye simu yake. Hata pole! Mtu akijikwaa barabarani hupewa pole na asiyemjua kabisa, mimi niliyempa hela yangu sikuipata.

Taa yenyewe siwezi kuisema vibaya. Fundi amepitisha waya mpya, ametia konekta za kuungia waya, amevuta ethi kutoka kwenye bodi na kuweka balbu za LED zisizochemka sana. Elfu 40. Jioni sebule inapendeza jamani, wageni wote wanauliza nimeitoa wapi. Nilitaka kuwaambia nendeni mkanunue, ila kabla ya kuifunga fundi aifungue, akague kila mkono, apime kwa mita kati ya waya na chuma.

Sasa nikiikumbuka ile seloteipu, hapana. Taa za mtumba nunueni kwingine, pale msiende. Wageni wakiniuliza siku hizi nawaonyesha kwanza ule mfuko wa waya, bado ninao. Elfu 40 yangu ya fundi naidai, na ile pole pia.