Uzoefu wangu na GDB, Valgrind na rr

Kwa programu za C na C++ kwenye Linux nategemea zana tatu za chanzo huria za kusaka hitilafu: GDB (kuchungulia ndani ya programu inayoendeshwa), Valgrind (kukagua makosa ya kumbukumbu) na rr (kurekodi mwendo wa programu na kuurudia). Kwenye Ubuntu au Debian unazipata kwa amri moja, `sudo apt install gdb valgrind rr`. Hazigombei kazi. Anayelalamika kuwa moja ni mbovu mara nyingi ameipa hitilafu isiyo ya kwake.

GDB ni mkongwe, yupo tangu 1986, na sura yake ni ya umri huo. Kompaili kwa `-g -O0` (taarifa za utatuzi, bila uboreshaji wa kasi) kabla ya kuigusa. Ukibaki na `-O2`, yaani uboreshaji wa kasi, kigeu unachokitafuta kitakujibu `<optimized out>` na mistari itarukaruka mbele na nyuma, kwa sababu kompaila imeshapanga maagizo upya na thamani nyingine imezifuta. `-Og` inapunguza kero hiyo bila kuimaliza. Mahali GDB inapong'ara ni programu iliyoganda: ishike kwa `gdb -p` na namba ya mchakato, kisha `thread apply all bt`, inayoonyesha kila uzi (thread) umesimama kwenye funsheni gani. Ukiona nyuzi mbili zimesimama ndani ya `pthread_mutex_lock`, kila moja ikingoja kufuli lililoshikwa na mwenzake, umeshamaliza nusu ya kazi. Ubuntu itakukatalia kwa `Operation not permitted` kwa kuwa `ptrace_scope`, mpangilio wa kerneli unaozuia kushika mchakato wa mwingine, ni 1, tumia sudo. Ndani ya Docker, anzisha kontena kwa `--cap-add=SYS_PTRACE`.

Valgrind naipenda kwa jambo moja: hailazimishi kukompaili upya, ingawa bila `-g` hutapata namba za mistari. Gharama yake ni mwendo. Memcheck, zana yake ya kawaida ya kukagua kumbukumbu, hupunguza kasi mara 10 hadi 30, kwa hiyo usiipe seva nzima, ipe jaribio dogo. Ujumbe unaowachanganya wengi ni `Conditional jump or move depends on uninitialised value(s)`. Mstari unaotajwa ndipo thamani ilipotumika kuamua njia, si pale ilipoachwa bila kujazwa. Memcheck hainung'uniki unaponakili takataka kutoka kigeu kimoja kwenda kingine. Inangoja hadi takataka hiyo iathiri uamuzi. Ongeza `--track-origins=yes` uone chimbuko, na ukubali kusubiri zaidi. Kwenye ripoti ya uvujaji anza na `definitely lost`, kumbukumbu isiyo na kielekezi tena. `Still reachable`, ambayo bado ina kielekezi, inaweza kungoja.

Udhaifu wake mkubwa: `int a[10];` ndani ya funsheni, kisha `a[10] = 5;`, na Memcheck inanyamaza kimya. Inalinda mipaka ya kumbukumbu iliyoombwa kwa `malloc`, si safu zilizo kwenye staki. Hapo tumia AddressSanitizer, kikaguzi cha kumbukumbu kilichomo tayari ndani ya kompaila za GCC na Clang: `-g -O1 -fsanitize=address`. Inapunguza kasi mara 2 hivi tu, ila haioni vigeu visivyojazwa. Usiziendeshe zote mbili kwa pamoja, hazielewani.

Sasa rr, ambayo ilianzia Mozilla. Hii ndiyo ningegomea kunyang'anywa. `rr record ./programu` inarekodi, `rr replay` inarudia mwendo uleule ndani ya GDB, na anwani za kumbukumbu hazibadiliki hata ukirudia mara 20. Tuseme kielekezi `m->next` kimeharibiwa na programu imeanguka kwa SIGSEGV (imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa). Andika `continue` hadi ianguke, halafu `watch -l m->next`, halafu `reverse-continue`. Mara ya kwanza huenda ikakurudisha kwenye SIGSEGV ileile, rudia amri. Itasimama kwenye mstari hasa uliokiharibu. Angalia tu kwamba tunarudi nyuma, hivyo `Old value` ndiyo thamani mbovu na `New value` ndiyo ile njema ya awali.

Masharti yake ni magumu. Inahitaji vihesabio vya utendaji vilivyomo ndani ya prosesa, ndiyo maana seva nyingi za kukodi zinaikataa: mashine pepe haijavipitisha. Kwenye kompyuta yako, ikilalamika, andika `sudo sysctl kernel.perf_event_paranoid=1`. Prosesa za AMD Zen zinataka marekebisho ya ziada. Tena inaendesha nyuzi zote kwenye kiini kimoja, kwa hiyo hitilafu ya nyuzi kukimbizana inaweza kujificha kabisa. Hapo rekodi kwa `--chaos`, inayovuruga zamu za nyuzi kwa makusudi, mara nyingi, hadi inaswe.

Rekodi hujaa kwenye `~/.local/share/rr`, zifute mara kwa mara. Ukitaka kumpa mwenzako rekodi, endesha `rr pack` kwanza ili mafaili yote yaingie ndani yake, la sivyo mafaili mengine yatabaki kwenye mashine yako na kwake haitafunguka.