Pikipiki ya kazi: ulaji wa mafuta, tangi, na rizevu ambayo hakuna anayeikagua

Lalamiko ni lilelile kila mara. Pikipiki mpya, tangi la lita 11, muuzaji kaapa kwamba lita moja inakwenda kilomita 60. Wiki ya tatu chombo kinazima katikati ya safari, abiria yupo nyuma, na dereva akitikisa tangi anasikia kabisa mafuta yakichezacheza ndani. Anageuza koki ya mafuta kwenda rizevu, ile akiba ya mwisho ya tangi, hakuna kitu. Anasukuma mpaka sheli.

Mwongozo huu unahusu hilo tu: lita moja inakufikisha wapi, na katika lita zilizomo tangini ni ngapi zinazofika kwenye injini. Rangi, taa, redio na spidi ya juu hazimo. Hata bei ya dukani nitaigusa kidogo, maana kwa mtu anayetembea kilomita 120 kwa siku, mafuta ndiyo gharama kubwa. Tuhesabu lita kwa shilingi 3,000. Pikipiki ya kilomita 40 kwa lita inakula lita 3 kwa siku, yaani 9,000. Ya kilomita 50 inakula lita 2.4, yaani 7,200. Tofauti ni 1,800 kila siku. Kwa siku 300 za kazi ni 540,000.

Rizevu kwanza

Tangi limekalia bomba la fremu kama sogi juu ya mgongo wa punda, mfuko mmoja kulia, mwingine kushoto. Koki iko upande mmoja tu, na kwa pikipiki nyingi za kazi ni kushoto. Mafuta yakiwa mengi, pande zote mbili zinawasiliana juu ya ule mgongo. Yakishuka chini yake, ya kulia yanabaki kulia. Hayo ndiyo unayoyasikia yakichezacheza huku injini imekufa. Dawa yake ya njiani ni kulaza pikipiki kushoto, karibu kiti kiguse goti, uhesabu mpaka kumi, kisha uisimamishe. Mafuta yanavuka kuja upande wa koki, na unapata kilomita kadhaa za kukufikisha sheli.

Ndani ya tangi, juu ya koki, kumesimama kijibomba chembamba. Koki ikiwa ON, mafuta yanaingilia mdomo wa juu wa kijibomba hicho. Yakishuka chini ya mdomo, injini inakohoa na kuzima. Ukigeuza RES, yaani rizevu, yanaingilia tundu la chini kabisa. Rizevu basi ni urefu wa kijibomba hicho. Kikiwa kirefu una akiba ya kutosha. Kikiwa kifupi, akiba yako ni ya kuvuka mtaa. Kikikatika au kikichomoka, ON na RES zinanyonya mahali pamoja na huna rizevu hata tone. Wala hutajua, kwa sababu pikipiki inakwenda vizuri kabisa hadi mwisho, kisha inazima moja kwa moja.

Kuna na wanaoiacha koki kwenye RES mwaka mzima. Hao wamejinyima onyo wenyewe, na juu ya hapo wananyonya uchafu na maji ya chini ya tangi kila siku.

Jinsi ya kupima kabla ya kulipa

Nenda dukani na jagi la plastiki lenye alama za mililita, mpira wa mafuta wa nusu mita na lita 3 za petroli. Fanyia kazi hii nje, injini ikiwa ya baridi, na asiwepo mvuta sigara karibu. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati. Hili ni la lazima. Stendi ya pembeni inalaza pikipiki kushoto, mafuta yote yanakimbilia kwenye koki, na jibu linatoka zuri kuliko ukweli. Muuzaji akisisitiza stendi ya pembeni, kataa.

Toa kwanza mafuta yote yaliyomo, na ukimbilize ya kulia kwa kuilaza. Irudishe wima, funga koki, mimina lita 3. Chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, unganisha wako, uelekeze kwenye jagi. Fungua ON na usubiri mpaka mtiririko ukatike. Soma na uandike. Geuza RES, subiri ukatike tena, soma. Kiasi hicho cha pili ndicho rizevu yako halisi. Sasa ilaze kushoto, isimamishe, uone kitakachoongezeka. Kisichotoka hata baada ya hapo ni mafuta utakayoyabeba maisha yote bila kuyatumia.

Kwa kazi ya mjini nataka rizevu isiyopungua lita moja. Kwa anayetoka nje ya mji, lita moja na nusu. RES ikitoa chini ya nusu lita, mwambie fundi wa duka afungue koki mbele yako. Ni boliti mbili. Utakuta kijibomba kimekatika au kimepinda, na wavu wa kuchujia umekunjamana chini. Koki mpya inawekwa palepale na unapima upya. Hakikisha na oringi yake ni mpya, maana ya zamani ikishavimba kwa petroli haizibi tena.

Mfuniko wa tangi nao unahitaji dakika moja. Una kitundu cha kuingizia hewa. Petroli inashuka kwa uzito wake tu, na kila inayotoka lazima hewa ishike nafasi yake. Kitundu kikiziba, tangi linajivuta ndani na mafuta yanagoma kushuka. Chombo kinakwenda kilomita kumi au ishirini, kinazima, ukisubiri kidogo kinawaka tena. Siku ikitokea, fungua mfuniko: ukisikia hewa inaingia kwa nguvu, ugonjwa ni huo. Wengi wanajiletea wenyewe kwa kuweka kipande cha nailoni chini ya mfuniko ili mvua isiingie, au kwa kava la tangi lililoshonwa likafunika kila kitu.

Geji ya mafuta msiipe heshima kubwa. Boya lake liko mahali pamoja ndani ya tangi, hivyo mshale unapanda mlimani na kushuka bondeni. Kinachoaminika ni kilomita tangu ulipojaza.

Nafasi ya kwanza: TVS HLX 125

Nasema wazi kwamba hii ndiyo ninayoipendelea, na sioni sababu ya kujificha. Injini ya cc 124.5 inatosha kwa abiria mmoja na mzigo wa kawaida bila kuikamua. Hapo ndipo mafuta yanapookolewa: injini inayofanya kazi katikati ya uwezo wake, gia ya juu, spidi 45 hadi 55. Mjini, na foleni zake na kusimamasimama, tegemea kilomita 45 hadi 50 kwa lita ikiwa imetunzwa. Barabara tulivu inapita hapo. Spea ziko kila mtaa na mafundi wanaifahamu. Ukipata toleo la gia 5, chukua hilo, kwa sababu gia ya tano inapunguza mzunguko wa injini kwa spidi ileile. Dada yake ya cc 150 ni pikipiki imara, lakini kwa anayezunguka Sinza na Mwenge, mitaa ya Dar, siku nzima ni kulipia nguvu isiyotumika.

Nafasi ya pili: Bajaj Boxer 150

Kama unapanda milima ya Lushoto au Mbeya, au unabeba gunia na abiria pamoja, hii inaipita niliyoitaja juu. Cc 144.8, tangi lita 11. Ulaji wake kwa kazi nzito ni kilomita 35 hadi 42 kwa lita. Tukishika 38 na rizevu ya lita 2, lita 9 za ON zinakupa kilomita 342, na hapo ndipo ujaze, usingoje ikohoe. Karatasi ya tangazo ingekuambia tangi lote mara kilomita 60, jibu 660. Kati ya 660 na 342 ndipo watu wanapolala porini.

Boxer 100

Kwa mtu anayekwenda kazini peke yake, tambarare, hii ndiyo inayokula kidogo kuliko zote hapa: kilomita 55 hadi 65 kwa lita. Ningeipa nafasi ya kwanza kama ningekuwa naandikia walimu na mabwana shamba peke yao. Kwa bodaboda shida yake ni mishikaki. Ukipakia wawili kwenye cc 100, unashusha gia, unafungua mafuta hadi mwisho, na faida yote inapotea huku ringi zikiisha mapema.

Honda za cc 125

Injini ya jamii ya CG125, iliyoanza 1976, inasukuma valvu kwa fito badala ya cheni ya taimingi, na ni ngumu kuiua. Ulaji uko sawa na HLX au chini kidogo. Bei na spea halisi ndizo zinazoishusha, na spea bandia za Honda ni nyingi. Fungua mfuko, linganisha kwa mkono, ndipo ulipe.

Za Kichina za bei ya chini

Nyingi ni nakala ya CG hiyohiyo. Mbili za siku moja zinaweza kutofautiana kilomita 10 kwa lita. Kipimo cha rizevu kilichoelezwa juu ni muhimu zaidi kwa hizi, na usikubali kuambiwa "zote ziko hivyo".

Ulaji unavyopimwa

Jaza tangi hadi shingoni, stendi ya kati, uandike kilomita. Endesha kama kawaida yako mpaka umalize angalau lita 5. Rudi sheli ileile, pampu ileile, stendi ileile, jaza hadi alama ileile. Gawanya kilomita kwa lita. Ukijaza mara moja kwa stendi ya kati na mara ya pili kwa ya pembeni, hesabu imeharibika. Wala usipime kwa petroli ya chupa za barabarani, kwani hujui ujazo wake wala nini kimechanganywa. Pampu ya sheli inakaguliwa na Wakala wa Vipimo. Itafute stika yake kabla ya kujaza.

Waya wa spidi kwa pikipiki hizi unatoka gurudumu la mbele. Hivyo kubadili spoketi hakuharibu hesabu ya kilomita, lakini kunabadili ulaji. Spoketi ya mbele ikitoka meno 14 kwenda 15, injini inapumzika kwa karibu asilimia 7 kwa spidi ileile. Tambarare ni faida. Mlimani na mzigo ni hasara, kwa sababu utashusha gia na kukamua.

Ikipimwa ikaonekana inakula kuliko nilivyoandika, anza na vya bure. Choki imerudi? Gurudumu la nyuma likiinuliwa linazunguka huru, au breki inashika? Cheni ina mchezo wa milimita 20 hadi 30? Upepo wa tairi ni psi 25 mbele, na 32 nyuma ukiwa na abiria? Ndipo uende kwenye chujio la hewa, kisha plagi. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, mafuta ni mengi kuliko hewa: tazama usawa wa boya la kabureta, na kama sindano ya kabureta imechakaa au imepandishwa. Fundi anayeanza kwa kukuuzia kabureta nzima hajatafuta tatizo.

Wauzaji na wenye mikataba

Kilomita 60 na 70 kwa lita wanazozitaja madukani ni za mtu mwepesi, peke yake, spidi moja isiyobadilika, barabara kavu. Hakuna bodaboda anayefanya kazi hiyo. Lawama yangu ni kwamba wanajua. Muulize muuzaji rizevu ni lita ngapi; wengi watakuonyesha geji. Muombe kitabu cha pikipiki. Utaambiwa kimebaki ofisini. Kitabu ni chako, umekilipia, na ujazo wa tangi na wa rizevu umeandikwa humo. Usitoe hela ya mwisho kabla hujakishika.

Kwenye mikataba mambo ni mabaya zaidi. Mwenye pesa anachagua pikipiki, na anachagua ya bei ndogo kwa sababu mafuta si yake. Dereva analipa hesabu ya kila siku, na analipa mafuta. Ile 540,000 ya tofauti inatoka mfukoni mwa asiyechagua. Unayeingia mkataba, omba kupima ulaji kwa siku tatu kabla ya kusaini, na kiwango hicho kiandikwe kwenye karatasi. Mwenye chombo akikataa kupimwa, jibu umeshalipata.

Kwa pikipiki iliyotumika, angalia kwanza waya wa spidi. Ukikuta umechomolewa, kilomita za dashibodi si za kweli na ulaji hauwezi kupimwa mpaka urudishwe. Kisha mulika tochi ndani ya tangi. Kutu kama unga wa pilipili chini ya mdomo, hasa upande wa kulia ambako mafuta na maji hukaa bila kutumika, itaziba koki mpya ndani ya mwezi. Tangi la namna hiyo lipunguze kwenye bei kama tangi la kununua upya.