Hell's Gate na watoto kipindi cha mvua: korongo liacheni, tembeeni kwa nyasi

Kila mtu akirudi Hell's Gate, ile park ya taifa kule Naivasha, anapost korongo la Ol Njorowa, yaani lile bonde jembamba lenye kuta za mawe, basi watu wanafikiri hiyo ndio park yote. Mimi kama mzazi nasema hapana. Kama mko na watoto na ni masika, uzuri uko huku juu kwa nyasi na mawe, tena hamhitaji kuenda mbali.

Tulitoka Nairobi mapema (ni kama kilomita 90 hivi), tuko na watoto wawili na shosho yao ambaye magoti si ya kuchezea. Tukaingia Elsa Gate tukaanza kutembea polepole. Hii ni kati ya park chache Kenya unaruhusiwa kutembea kwa mguu au baiskeli katikati ya wanyama, kwingine hata kufungua mlango wa gari ni makosa. Aprili nyasi zimeota kijani kibichi mpaka miguuni pa ile miamba myekundu, punda milia wako hapo wanakula wala hawana habari na wewe, ngiri nao wanakimbia mikia juu na mtoto mdogo anacheka kila akiwaona. Wa kuchunga ni nyati, ukiona wamesimama wanakuangalia, zunguka mbali.

Si mbali na geti kuna Fischer's Tower, jiwe la kama mita 25 limesimama peke yake, ni lava iliyogandia ndani ya koo la volkano halafu udongo wa pembeni ukaliwa na mvua na upepo. Jina ni la Mjerumani Gustav Fischer aliyepita hapa 1883. Wamaasai wana hadithi yao, ya bibi harusi aliyeambiwa asigeuke nyuma akiondoka kwao, akageuka, akawa jiwe. Shosho aliipenda hiyo kuliko ya volkano. Watoto nao shida yao ilikuwa pimbi, wamejaa pale kwa mawe na wamezoea watu, ukifungua chapati wanakuja. Msiwape chakula jamani, na muangalie vidole.

Sasa korongo. Mvua ikinyesha huko mbali, wewe uliye chini hujui chochote, maji yanakuja kwa ghafla na kuta ni za kuteleza, hakuna pa kupandia. 2012 na 2019 watu walikufa mle. Hata kama juu yenu kuna jua, mgambo akisema hapana ni hapana, msibembeleze.

Baiskeli za kukodi ziko, ila jaribu breki kabla hujalipa. Tuliyopewa ya mtoto mkubwa breki ya nyuma ilikuwa pambo tu, tukarudisha wakatubadilishia bila maneno. Maji bebeni ya kutosha, kivuli ni kidogo sana, na koti la mvua kwa sababu mchana mawingu yanaweza kushuka vuu.

Nyota 4. Moja naipunguza kwa malori na magari ya huko Olkaria wanakotengeneza stima kwa mvuke wa ardhini, yakipita vumbi lote ni lenu, na mvua ikinyesha ni matope. Malipo fanyeni kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, mkiwa bado nyumbani, mtandao wa simu pale getini usiutegemee. Wasio na gari pandeni matatu za Moi South Lake Road kutoka Naivasha mjini mshukie junction ya kuingia Hell's Gate, kutoka hapo mpaka getini ni kama kilomita 2, boda ziko.