Sefu la karatasi za nyumba: huku kwetu mwizi ni wa pili

Watu wananiuliza wanunue sefu gani la kuwekea hati ya kiwanja, pasipoti, vyeti vya watoto na karatasi za mirathi, na kila mtu anamuwaza mwizi tu. Mie nasema hapa Unguja adui wa kwanza ni unyevu. Masika ikishaingia, Machi mpaka Mei, ukuta unatoa jasho na nguo kabatini zinafanya koga, sasa karatasi iliyofungiwa ndani ya chuma miezi mitatu haijaguswa itakuwaje?

Mie yalinikuta. Nilinunua sefu la moto, yaani la kukinga karatasi zisiungue, lililokwishatumika, zito, watu wanne wamelipandisha ngazi za Mji Mkongwe wakinilaani kimoyomoyo. Nikatia hati za marehemu mama kwenye nailoni, nikafunga, nikalala usingizi. Masika imekwisha nafungua, harufu ya koga imenipiga usoni, hati imegandana na nailoni na wino wa muhuri umehamia kwenye plastiki, ukitaka kuusoma usome kinyumenyume. Kumbe kuta za masefu hayo ndani zina kitu kama jasi au zege lililoshika maji, moto ukilipiga yale maji yanageuka mvuke na ndo yanazuia joto la ndani lisipite kama nyuzi 177 za Selsiasi, karatasi ikabaki inasomeka. Kazi nzuri kabisa, ila siku za kawaida unyevu huohuo unavuja ndani kidogokidogo.

Kwa hivyo namba moja kwangu ni sefu dogo la chuma tupu, la namba au la ufunguo, lenye matundu ya boliti, na ndani yake utie kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, lile la chakula, karatasi zikae humo. Moto haliwezi, ulijue mapema. Na kulifunga ndo kwenye kazi: ukuta wa mawe na chokaa ukiutoboa unatoka unga tu, boliti haishiki, fundi akikwambia itashika mwambie alivute mbele yako. Bora sakafu ya zege. Wa Mwanakwerekwe mnayajua mafuriko yenu, jengeni kwanza jukwaa la zege ndo mlifunge juu yake.

Namba mbili sefu la moto, hasa kama nyumba ni ya makuti. Tizama lebo ya dakika, 30 au 60, isiyo na lebo achana nayo. Lifungue kila wiki siku ya jua lipate hewa, na ghorofani kwenye boriti za zamani usilipeleke, mie nilikosea.

Tatu kasha la bibi la misumari ya shaba. Linapumua, linapendeza, mchwa nao wanalipenda. Picha za harusi sawa, hati hapana.

Visanduku vidogo vya pesa sivihesabu, mwizi anatoka nacho kwapani.

Kulitunza si kazi. Tia zile chembe za kufyonza unyevu, za rangi ya chungwa zikigeuka kijani zimeshiba, zitie kwenye oveni nyuzi 120 saa moja au mbili zinarudi. Bawaba futa kwa mafuta kidogo, hewa ya bahari haina huruma na chuma. Betri za sefu la namba badilisha kila mwaka hata kama bado nzima, zikivuja zinakula waya. Namba ya kiwandani badilisha siku ileile. Laminesheni kwenye hati halisi usifanye, haibanduki tena.

Halafu ufunguo wa dharura, jamani, usiuweke ndani ya sefu! Nawajua watu watatu waliofanya hivyo. Wangu uko kwa dada Chake Chake, kaufunga kwenye pindo la kanga, na kila nikimpigia simu ananiuliza hiyo dhahabu nimeipata wapi.