Khilana au khilvana? Viambishi -a na -va katika Kihindi

Khana ni kula. Ongeza -a, shina nalo libadilike kidogo, upate khilana, kulisha: maan bachche ko khilati hai, mama anamlisha mtoto kwa mkono wake. Tia -va, upate khilvana, na hapo mkono si wake tena: maan aya se bachche ko khilvati hai, mama anamwagiza yaya amlishe. Anayetumwa hufuatwa na neno se, kama aya se hapo juu.

Sisi husema "nimejenga nyumba" hata kama matofali yote kayapanga fundi. Msemaji wa Kihindi atapendelea banvana, kujengesha, si banana, kujenga. Ila mpaka huo usiushike sana: karana na karvana, kufanyisha, wengi huyatumia bila kubagua.