Kozi ya karma mtandaoni: somo moja safi, mengine yamenikera

Swali la jaribio lilikuwa hili: kwa Wabudha, je, kila ugonjwa ni matunda ya karma, yaani ya matendo ya mtu yanayomrudia? Nikajibu hapana. Programu ikanipiga alama nyekundu. Nikamwandikia mwalimu na kumtajia Sivaka Sutta, andiko la Kibudha ambamo Buddha anataja vyanzo vinane vya maumivu: nyongo, belghamu, upepo, vyote vitatu kwa pamoja, mabadiliko ya majira, kutojitunza, kushambuliwa, na karma. Karma ni kimoja kati ya vinane! Akanijibu kwa mstari mmoja: "Karma ni karma, acha ubishi." Mtu amelipa, ameleta andiko, ndiyo anajibiwa hivyo?

Na kosa lenyewe si dogo. Atakayelishika ataenda kumwambia mgonjwa wa saratani kwamba amejitakia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi wanaiweza. Somo la Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, limenyooka kabisa. Kwao karma ni maada halisi, chembe zisizoonekana zinazovutwa kwenye roho mtu anapotenda, kusema au kuwaza. Hasira, kiburi, hila na tamaa ndizo zinazozifanya zinate, kama vumbi kwenye nguo yenye mafuta. Kwa hiyo kwanza unazuia zisiingie, ndiyo samvara; halafu unazing'oa zilizokwishaganda, ndiyo nirjara, kwa mfungo, toba na kutafakari. Ukifunga huku hasira inakuwakia, unang'oa huku unabandika. Hapo nilishaamua kutoa nyota nne.

Likaja somo la Wabudha, chembe zilezile zikahamishiwa huko! Buddha aliiweka karma kwenye nia. Ukikanyaga mdudu, Mbudha atauliza ulikusudia nini. Mjaini atauliza pia kama ulikuwa unaangalia unapokanyaga. Tofauti hiyo ndiyo somo zima, nao wameifuta.

La Wahindu limetaja sanchita iliyolimbikizwa, prarabdha iliyokwishaanza kuzaa matunda na agami inayotengenezwa sasa, likaishia hapo. Nani anagawa matunda? Vedanta, shule moja ya falsafa ya Kihindu, husema ni Ishvara, yaani Mungu. Mimamsa, shule nyingine, hushikilia kwamba tendo la ibada lenyewe huacha nguvu iitwayo apurva, inayoleta tunda baadaye. Kimya.

Basi nyota mbili, kwa ajili ya Wajaini. Hapana, moja, jibu lile la mwalimu silimezi. Kama umeshalipia, sikiliza somo la Wajaini, na jaribio la Wabudha usiliguse mpaka swali lile la ugonjwa lirekebishwe.